Salamu si tathmini: namna ya kumuuguza mwenye saratani kwa uzima wake

"Shikamoo mama, umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Salama tu, namshukuru Mungu."

Muuguzi anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana malalamiko, anasogea kitanda cha pili. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu katika wodi ya wanawake, Dar es Salaam, mpaka asubuhi moja nilipokuwa nabadilisha shuka za mama mmoja aliyetoka upande wa kusini, mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa amejikalia juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, imelowa chepechepe. Chini ya mto wake kulikuwa na kipande cha gazeti kilichofungwa vizuri, ndani yake vidonge sita vya maumivu. Alikuwa anaweka akiba. Mgonjwa mwenzake alikuwa amemwambia kwamba dawa ukiizoea mapema, siku utakapozidiwa haitakusaidia tena. Usiku wa tatu ule alikuwa hajalala, na kila asubuhi alinijibu salama.

Hakuwa amenidanganya. Nilimsalimia, naye akanijibu salamu kwa adabu aliyolelewa nayo. Kwetu mtu hujibu "sijambo" hata akiwa msibani, habari zenyewe hufuata baadaye, mkishakaa. Mimi sikuwa nakaa.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi wenzangu, na kwa wanafunzi ambao wamefundishwa nadharia ya uuguzi wa mtu kwa ukamilifu wake, wakaifanyia mtihani, kisha wakafika wodini wasijue waishikie wapi.

Kwanza, nadharia kwa ufupi

Kiswahili kilishatutangulia. "Mzima" ni asiye mgonjwa, na "mzima" ni kisichopungua: mkate mzima, siku nzima. Cicely Saunders alikuwa muuguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, baadaye akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha) ya St Christopher's mjini London. Mgonjwa wake mmoja alimweleza kwamba maumivu yalianzia mgongoni, lakini sasa ni kama yeye mzima ana kasoro. Kwa kusikiliza watu kama huyo, Saunders akajenga fikra ya maumivu ya jumla, yenye sehemu nne zinazoshikana: mwili, moyo, maisha na watu wake, na roho. Jean Watson, muuguzi wa Marekani, alichapisha nadharia yake ya kujali mwaka 1979. Kwake, namna muuguzi anavyokuwapo mbele ya mgonjwa ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kwa kazi ya kila siku mimi natumia zile sehemu nne za Saunders, kwa sababu zinaingia kwenye karatasi moja. Watson namkumbuka ninapovuta kiti.

Hatua ya 1: Salimia, kisha kaa, ndipo uulize

Salamu usiiruke. Mwanamke mwenye umri wa mama yako ukimkabili na maswali bila shikamoo, umeshamfunga mdomo. Lakini ikiisha, vuta kiti, macho yenu yawe usawa mmoja, weka faili chini. Kama kitanda cha jirani kiko karibu, vuta pazia au subiri jirani atoke kuoga. Halafu sema jambo litakaloonyesha kwamba salamu imekwisha: "Mama, sasa nimekuja tuongee kidogo. Katika yote yanayokusumbua, lipi linakunyima usingizi?"

Naulizia usingizi makusudi. Ukiuliza "unaumwa wapi?" utapata mwili peke yake. Usingizi hunyimwa na maumivu, na ada ya mtoto, na woga wa kaburi, kwa hiyo mtu hujibu lile lililo karibu na koo lake. Ukishauliza, nyamaza. Kimya cha nusu dakika ni kirefu sana ukiwa na wagonjwa thelathini, lakini kivumilie. Mara nyingi jibu la kwanza ni "hakuna", na la pili ndilo lenyewe.

Hatua ya 2: Anza na mwili, na uumalize

Wapo wanaodhani kumtazama mtu kwa uzima wake ni kumshika mkono na kumwombea. Mtu anayeungua kiunoni hawezi kukusikiliza. Mwili ndio mlango, na hapa ndipo ufundi wa muuguzi unapoonekana.

Maumivu yapime kwa vidole. Mkono uliofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Hata asiyejua kusoma atakuonyesha. Kisha mwache ayataje kwa maneno yake, kwa kuwa lugha yetu ina utajiri hapa na kila neno lina kazi. Yanayochoma, yanayowaka kama pilipili au kupiga kama umeme kushuka pajani huwa yanatokana na neva zilizobanwa, na mofini, dawa kali ya maumivu, peke yake huenda isiyamalize. Mjulishe daktari kwa maneno hayohayo, kwa sababu zipo dawa za kuongezea, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku. Yanayopwita, yanayovuta, yanayokata tumbo kwa vipindi, kila moja lina asili yake. Ukiandika "analalamika maumivu" umelitupa lile neno alilokupa.

Mofini ya maji ndiyo nguzo yetu. Hunywewa kila baada ya saa nne, na saa zetu za Kiswahili zinamrahisishia mgonjwa kukumbuka: kumi na mbili asubuhi, nne, nane, kumi na mbili jioni, nne usiku. Ambaye hajawahi kutumia dawa za jamii hii kwa kawaida daktari humwanzishia miligramu 2.5 hadi 5, na dozi ya saa nne usiku mara nyingi huongezwa maradufu ili asiamshwe saa nane za usiku. Inatolewa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Anayesubiri mpaka alie ndiye anayeishia kuhitaji nyingi zaidi. Hofu ya kuizoea ijibu waziwazi, kama nilivyopaswa kumjibu yule mama siku ya kwanza: dawa hii haina kiwango cha mwisho ambacho ukikipita inakoma kusaidia. Maumivu yakiongezeka, daktari huiongeza. Kuiwekea akiba ni kujitesa leo bila faida kesho.

Pamoja na mofini lazima iwepo dawa ya kulainisha choo, kuanzia siku hiyohiyo. Uliza choo kila siku bila haya. Nimeona mgonjwa akikataa mofini na watu wakasema ni mkaidi, kumbe ana siku sita hajapata choo na hakuna aliyemuuliza.

Jambo moja lihusulo saratani ya shingo ya kizazi hasa: uvimbe ukiziba mirija ya mkojo, figo hudhoofika, na mofini hubaki mwilini muda mrefu. Ukiona mgonjwa aliyekuwa sawa anaanza kusinzia mno, misuli inashtukashtuka, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, usitoe dozi inayofuata kabla ya kuhesabu pumzi na kumwita daktari. Uliza pia mkojo wa jana ulikuwa kiasi gani.

Sasa harufu na kuvuja, mambo yanayowatenga wagonjwa wetu kuliko maumivu. Kidonda cha titi kilichochanika hunuka kwa sababu ya bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Kisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, usisugue, kisha nyunyiza vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa kuwa unga laini, funika. Ndani ya siku chache tofauti huonekana. Kama kinatoka damu kirahisi, lowesha bandeji kabla ya kuitoa, na uwe na khanga za rangi nyeusi au nyekundu karibu, maana damu kwenye shuka nyeupe humtisha mgonjwa na ndugu kuliko kiasi chake. Anayevuja mkojo kwa sababu ya fistula (tundu kati ya kibofu na uke) mpe vitambaa vya kubadilisha, mpake mafuta mazito ya mgando mapajani kila baada ya kumwosha, na badilisha godoro likilowa. Uso wako pia ni dawa. Ukikunja pua sekunde moja, ameona, na kesho hatakuonyesha kidonda.

Mengine nayapitia haraka. Mdomo wenye vidonda baada ya dawa za saratani: asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, mswaki laini, na utando mweupe umwonyeshe daktari. Ngozi iliyopigwa mionzi: maji ya kawaida, hakuna dodoki, hakuna manukato wala dawa za kuchua, khanga laini ya pamba, na alama za wino zinazoonyesha pa kupiga mionzi zisifutwe. Na homa. Aliyepata tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani, siku saba hadi kumi na nne zilizopita, akifikia nyuzi 38.3 mara moja, au 38 ikadumu saa nzima, ni dharura. Usimpe panadoli ukasubiri raundi. Chembe nyeupe za damu zimeshuka, anahitaji antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja.

Hatua ya 3: Uliza anachokijua, kabla ya kusema unachokijua wewe

Ndugu watakuvuta pembeni: "Sista, tafadhali usimwambie, atakufa kwa presha." Usiwagombeze. Wanampenda, na wamebeba mzigo huo peke yao. Waambie hutamlazimisha kusikia, ila hutamdanganya akiuliza. Kisha rudi kwa mgonjwa: "Mama, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako? Ungependa uelezwe kila kitu, au yupo unayetaka aelezwe kwa niaba yako?" Wengi wanajua. Wananyamaza kuwalinda watoto wao, na watoto wananyamaza kumlinda yeye, nyumba nzima inaishi na siri ambayo kila mmoja anayo.

Akiuliza "nitapona?" usikimbilie "utapona tu, Mungu mkubwa." Mwulize kwanza nini kimemfanya aulize leo. Huenda ameona kitanda cha jirani kimetandikwa upya. Majibu ya vipimo na makadirio ya ugonjwa ni ya daktari kuyasema, lakini uwepo wakati yanasemwa, na ubaki daktari akitoka, maana maswali halisi huja hapo.

Zungumzia pia mwili wake kama wa mwanamke. Mionzi ya nyonga hufanya uke kukaza na kukauka, na wapo waliovunja ndoa kimya kimya kwa kutojua kwamba jambo hili lina msaada, yakiwemo mazoezi ya kuuzuia uke usijifunge. Kama unaona haya kulisema, mtafute muuguzi mwenzako wa umri mkubwa alizungumze.

Hatua ya 4: Muulize nyumbani kukoje

Matibabu ya mionzi ya shingo ya kizazi kwa kawaida huchukua wiki tano au zaidi, siku tano kila wiki. Kwa anayetoka mbali, hiyo ni zaidi ya mwezi wa kulala kwa ndugu ambaye pengine ana chumba kimoja, nauli ya daladala kila asubuhi, na shamba lililobaki bila mtu. Mgonjwa anayekosa dozi za mionzi huitwa mtoro. Muulize nauli kabla ya kumwita hivyo, kwa sababu kuchelewesha ratiba kunapunguza nguvu ya tiba yenyewe.

Maswali matatu yananitosha: Nani anakaa na watoto? Nauli na chakula vinatoka wapi? Nani anaamua mambo yako nyumbani? Hilo la tatu lina uzito. Unaweza kumfundisha mama dozi za mofini vizuri kabisa, kumbe anayeshika dawa ni shemeji aliyesikia kwamba ni dawa ya kulevya. Mwite shemeji. Mkutanishe mgonjwa na ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo ukijua kuna tatizo la pesa, usisubiri siku ya kuruhusiwa.

Mitishamba iulizie hapa pia, kwa sauti ileile unayoulizia chai. "Kuna dawa yoyote ya nyumbani unatumia? Nataka nijue zisigombane na hizi." Ukimkemea ataendelea kuitumia, tofauti ni kwamba wewe hutajua. Wakati wa tibakemikali baadhi ya mitishamba huumiza ini na figo ambazo tayari zinafanya kazi kubwa.

Hatua ya 5: Roho

Yule mama wa vidonge vya akiba alipata mofini yake, akapata choo, akalala vizuri usiku mmoja. Kisha maumivu yakarudi kwenye vidole vinne. Tuliongeza dozi, haikubadilika sana. Nilikaa, nikamuuliza swali la usingizi. Alinyamaza muda mrefu, akashika pindo la khanga, akasema: "Tangu nianze kuvuja sijaswali. Nitakwenda kwa Mola wangu na hali hii?"

Si kazi yangu kutoa fatwa, na hata angekuwa wa dini yangu nisingethubutu. Nilimwomba ruhusa ya kumwita mtu anayejua. Akaja sheikh, akakaa mlangoni mwa pazia, akamweleza taratibu hukumu ya mwenye udhuru: atawadhe wakati wa swala ukiingia, aswali hivyohivyo alivyo, kinachomtoka bila hiari hakimbatilishii swala ile. Akiwa hawezi maji, yuko kwenye kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi. Akiwa hawezi kusimama, ataswali amekaa, na akishindwa kukaa, ataswali amelala. Mama alilia sana. Jioni ile nilimsaidia kugeuza kitanda kielekee kibla, na kwa siku zilizofuata vidole vyake vilikuwa viwili, dozi ileile.

Sisemi swala ilichukua nafasi ya mofini. Bila mofini asingefika kwenye maneno yale.

Kwa hiyo uliza: "Nini kinakupa nguvu siku ngumu?" na "Kuna jambo la imani yako ambalo hospitali imekuzuia kulifanya?" Mkatoliki anaweza kuwa anasubiri mpako wa wagonjwa na anaogopa kuutaja kwa sababu watu huuona kama alama ya kifo. Mlokole anaweza kuwa ameambiwa kwamba kunywa dawa ni kukosa imani. Mwingine ana ndugu waliokosana miaka mingi na anataka kuomba radhi. Wewe fungua njia, umwite anayefaa. Usimhubirie imani yako mtu asiyeweza kuondoka kitandani.

Hatua ya 6: Andika yote manne, kwa maneno yanayofanyiwa kazi

Hapa ndipo kazi nzuri inapopotelea. Unazungumza na mgonjwa vizuri, zamu ya jioni haijui lolote. Maandishi yangu huwa hivi:

Saa 3:20 asubuhi. Mwili: vidole 4, kiuno hadi paja la kushoto, "yanawaka", choo siku 4 hajapata, anavuja mkojo, mapaja mekundu. Moyo: anajua ni saratani, hataki wanawe waambiwe bado. Nyumbani: mtoto wa miaka 11 yuko kwa jirani, nauli ya kurudi hana. Roho: hajaswali tangu aanze kuvuja, inamuumiza. Mpango: daktari ajulishwe maumivu ya neva, dawa ya choo leo, mafuta mapajani kila akibadilishwa, ustawi wa jamii saa 5, sheikh ameombwa. Kuangaliwa tena saa 8 mchana.

Kila tatizo lina mtu na saa. "Apewe msaada wa kisaikolojia" bila jina la mtoaji hakuna atakayeutoa.

Hatua ya 7: Rudi uulize tena

Baada ya dozi ya mofini rudi ndani ya saa moja uhesabu vidole. Kwa picha pana zaidi kipo kipimo kilichotengenezwa na Chama cha Tiba Shufaa (tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa mzito) cha Afrika, chenye maswali kumi: saba kwa mgonjwa, matatu kwa anayemhudumia, kila moja likipewa alama 0 hadi 5 kwa kuangalia siku tatu zilizopita. Kinauliza maumivu, wasiwasi, kama mgonjwa ameweza kumshirikisha mtu hisia zake, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani. Kinachukua dakika chache. Ukikirudia kila wiki utaona kwa namba ni sehemu ipi kati ya zile nne haijaguswa.

Hatua ya 8: Siku ya kwenda nyumbani

Anza kumfundisha anayemhudumia siku tatu kabla. Mwache apime mofini kwa bomba la sindano mbele yako, amwoshe mgonjwa mbele yako, afunge kidonda mbele yako. Mwandikie saa za dawa kwa herufi kubwa, au mchoree jua na mwezi kama hasomi. Mwambie mambo ya kumrudisha hospitali upesi: homa baada ya tibakemikali, damu nyingi, kusinzia kusikoamshika, miguu kufa ganzi ghafla au kushindwa kutembea. Chupa ya mofini ikae juu, mbali na watoto. Muulize na yeye, kwa faragha, analala saa ngapi. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kama mko wawili na wagonjwa thelathini

Najua unaloliwaza tangu hatua ya kwanza. Huwezi kukaa na thelathini. Chagua watatu kwa zamu: aliyelazwa leo, ambaye maumivu hayashuki ingawa dozi inapanda, na yule asiyelalamika kamwe. Dakika kumi kila mmoja. Wengine utaongea nao mikono ikiwa kazini, unapomwosha mgongo, unapofunga kidonda, unapobadilisha dripu, kwa kuwa mtu husema mengi zaidi akiguswa bila kutazamwa usoni. Kwenye kupokezana zamu wataje wale watatu kwa sehemu zote nne, na zamu inayofuata ichague wengine watatu. Ndani ya siku chache wodi nzima itakuwa imekaliwa kitini.